Mashariki mwa Congo: wazee na sashe ya dawa ambayo hakuna anayeitazama yote

Dawa ya tansio kutoka kituo cha afya, dawa ya sukari kutoka hospitali, komprime za maumivu kutoka farmasi ya karibu, chupa ya majani machungu kutoka sokoni, na boksi iliyotumwa na mtoto aliye Ulaya. Katika miji ya Bukavu, Goma, Butembo na Uvira, kuna wazee wenye kumeza vyote hivyo kwa siku moja. Kila dawa ilianza kwa sababu fulani. Lakini walioziandika hawakuonana, na mara nyingine ugonjwa mpya wa mzee unatoka ndani ya sashe yenyewe.

Waganga wanaita hali hiyo polimedikasio. Kwa kawaida wanaanza kuizungumzia pale mtu anapotumia dawa 5 ao zaidi kila siku. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliiweka kati ya mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza lilipoanzisha mwaka 2017, katika mji wa Bonn, Ujerumani, kampeni ya kupunguza madhara yanayoletwa na dawa. Hesabu ya 5 ni alama tu. Mzee mwenye tansio, sukari na ugonjwa wa moyo anaweza kuhitaji dawa 6 na zikamfaa. Mwingine ana dawa 3, na mbili zinapigana.

Njia rahisi ya kuelewa shida hii ni kufuata dawa moja tangu siku inaponunuliwa. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 72. Si mtu fulani, ila kila hatua ya mfano huu inajulikana vizuri na waganga.

Magoti yanamuuma, kwa sababu amelima na kubeba mizigo maisha yake yote. Farmasi inamuuzia diclofenac. Dawa hiyo inatuliza maumivu kweli. Lakini diclofenac, ibuprofen na nyingine za jamaa hiyo zinafanya figo zishike chumvi na maji, na hivyo zinaweza kupandisha tansio. Baada ya majuma kadhaa anapimwa kwenye kituo cha afya: tansio 17. Anaandikiwa amlodipine, dawa nzuri na isiyo ya bei kali. Amlodipine inashusha tansio, ila kwa watu wengine inavimbisha miguu. Miguu yake inavimba. Familia inaogopa moyo, inaogopa figo, na mwuguzi wa mahali pengine anaongeza furosemide, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, kusudi maji yatoke.

Uvimbe huo hausikii furosemide vizuri, kwa kuwa hauletwi na maji kuzidi mwilini. Unaletwa na mishipa midogo ya damu kupanuka. Miguu inabaki vilevile, na sasa mama anaamka mara tatu usiku kwenda chooni. Choo kiko nje, umeme hakuna. Pamoja na maji, furosemide inatoa mwilini potasiamu, ile madini ambayo misuli inahitaji, kwa hiyo miguu inakaza usiku na nguvu zinapungua. Analalamika kwamba halali, anapewa diazepam. Usiku mmoja anasimama haraka, kichwa kinazunguka, anaanguka. Kesho yake ana maumivu mapya, na farmasi inamuuzia tena diclofenac.

Ni dawa nne, na tatu kati ya hizo zinatibu matokeo ya ile ya kwanza. Wataalamu wanafananisha mfuatano huo na maporomoko ya maji. Katika mfano huu hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa, kwa sababu kila mmoja alitibu kile alichokiona mbele yake. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza miguu ilianza kuvimba lini, na dawa gani ilikuwa mpya wakati ule.

Kuna maporomoko mengine mafupi zaidi. Captopril na enalapril, ambazo zinatumiwa sana kwa tansio, zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha. Katika eneo lenye kifua kikuu kama letu, mtu mwenye kukohoa majuma mawili ni lazima apimwe makohozi, na hilo ni sawa. Lakini makohozi yakionekana safi, wengi wanaingia katika safari ya sirop na antibiotiki, moja baada ya nyingine, wakati kikohozi kingeweza kwisha ndani ya majuma machache kama mganga angebadilisha ile komprime ya tansio. Baadhi ya sirop hizo zina dawa za kusinzisha, ambazo kwa baba mwenye shida ya prostate zinaweza kufunga mkojo kabisa.

“Malaria” ambayo si malaria

Pahali hatari inapokuwa kubwa zaidi ni kwa wazee wenye ugonjwa wa sukari wenye kutumia glibenclamide, dawa ya zamani inayopatikana karibu kila farmasi, wakati mwingine kwa jina la Daonil. Inafanya kongosho litoe insulini, na inaendelea kufanya hivyo hata kama mzee hajakula. Figo zikiwa zimechoka, dawa inakaa mwilini muda mrefu. Katika nyumba ambamo chakula kinakuja mara moja kwa siku, na mara nyingi jioni, komprime ya asubuhi inaweza kushusha sukari kupita kiasi mchana.

Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, udhaifu, maneno yasiyoeleweka, hata kugeuka mkali bila sababu. Mashariki mwa Congo, familia ikiona mzee anatetemeka na kutoka jasho, wazo la kwanza ni malaria. Na kama anayemtibu ana wazo hilohilo, anaweza kumtundikia kwinini. Kwinini nayo inafanya kongosho litoe insulini, kwa hiyo sukari iliyokuwa chini inashuka tena. (Neno kinini, ambalo kwa wengi huku ni jina la komprime yoyote ile, limetokana na dawa hiyo, ni namna moja ya kuona ilivyozoeleka.) Bactrim, yaani cotrimoxazole, inayonunuliwa bila ordonansi kwa kuhara ao kikohozi, nayo inaongeza nguvu ya glibenclamide.

Juu ya jambo hili OMS imesema wazi. Katika orodha yake ya dawa za lazima, penye dawa za kundi hilo, imeandikwa kwamba glibenclamide haifai kwa watu wenye kupita miaka 60. Dawa iliyowekwa mbele ni gliclazide. Lakini gliclazide haipatikani kirahisi kama glibenclamide, na bei yake mara nyingi iko juu, kwa hiyo wazee wanaendelea na ile ya zamani.

Kwa familia yenye mzee wa namna hiyo, mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu ni ya maana kuliko dawa nyingi zilizo ndani ya sashe. Hesabu iliyo chini ya 70 ni sukari ya chini. Kama mzee anajitambua na anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye sukari, fanta ao asali, kisha chakula. Kama amepoteza fahamu, asiwekewe kitu chochote kinywani, apelekwe hospitalini. Tena, sukari iliyoshushwa na glibenclamide inaweza kuanguka upya masaa kadhaa baada ya mzee kuamka na kuongea vizuri, kwa hiyo kumrudisha nyumbani haraka ni hatari. Malaria yenyewe inaweza kupimwa wakati uleule kwa TDR, na jibu linatoka kwa dakika 15 hadi 20.

Sashe inajaa namna gani

Wazee si wengi nchini: wenye miaka 65 na zaidi ni karibu watu 3 kwa kila 100. Mfumo wa afya umejengwa zaidi kwa ajili ya mama, watoto na magonjwa ya mlipuko. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI zinatolewa bure kupitia programu za kitaifa, na huduma ya kujifungua bure ilizinduliwa Kinshasa mwaka 2023. Tansio na sukari, magonjwa ya kutibiwa maisha yote, yanalipwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa mgonjwa ao wa watoto wake.

Kwa hiyo mzee anatibiwa kulingana na pesa ya siku ile. Akiwa nazo anaenda hospitalini, zikipungua anaenda kituo cha afya, zikiisha anaenda farmasi moja kwa moja. Kila mahali kuna fishi yake, na fishi haitoki pale. Karne ya mgonjwa ingeweza kuunganisha mambo, lakini farmasi haiandiki ndani yake, muuza majani haiandiki, na mtoto aliyetuma boksi kutoka Bruxelles ao Montréal haiandiki. Wale wenye uwezo wanavuka mpaka kutibiwa Rwanda ao wanafika Kampala, wanarudi na ordonansi ya Kiingereza ambayo mwuguzi wa kwao hawezi kuisoma vizuri.

Halafu kuna majina. Dawa ileile inauzwa kwa majina mengi. Paracetamol peke yake mzee anaweza kuwa nayo mara tatu bila kujua: Doliprane kutoka Ulaya, Panadol iliyopitia Kenya, na komprime za India ambamo paracetamol imechanganywa na diclofenac. Akimeza zote kwa siku moja anaumiza maini. Na kwa kuwa komprime zinauzwa hata mojamoja, zikifungwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, jina linabaki farmasi. Mzee anajua tu kwamba ile nyeupe ni ya tansio na ile ya manjano ni ya mgongo. Siku farmasi inapobadilisha kampuni, rangi inabadilika, na yeye anaongeza mpya juu ya ya zamani.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 mambo hayo yamekuwa magumu zaidi. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na banki zikafunga milango. Familia zilihama, nyingine zaidi ya mara moja, na karne zikapotea njiani. Mzee mwenye kufika kwa ndugu bila karatasi yoyote anaanza upya kwa mganga asiyemjua, na anaandikiwa kwa kumbukumbu zake mwenyewe.

Dawa mbili zinahitaji neno la pekee. Ya kwanza ni dexamethasone, pamoja na prednisolone. Zinanunuliwa bila ordonansi kwa maumivu ya mwili, na watu wengine wanazimeza kusudi wanenepe. Zinaleta nafuu ya haraka, na ndiyo sababu zinapendwa. Lakini zinapandisha sukari na tansio, zinadhoofisha mifupa, na mzee anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa sukari, akaanzishiwa matibabu, bila mtu kuuliza kama kuna komprime nyingine anayomeza. Ya pili ni aspirine ndogo ya moyo. Ikikutana kila siku na diclofenac, tumbo linaweza kutoka damu, na alama ya kwanza mara nyingi ni choo cheusi kama lami.

Majani nayo yana nguvu. Mubirizi, mti wa majani machungu unaojulikana sana Kivu, unanywewa kwa malaria, kwa tumbo na kwa sukari. Wanaosema kwamba unashusha sukari hawasemi bure. Kwa sababu hiyo, mganga anayeandika dawa ya sukari anahitaji kujua kama mgonjwa wake anaunywa. Wazee wengi wananyamaza kwa kuogopa kukaripiwa, na pengine wana haki ya kuogopa, kwa maana wagonjwa wengi wamekaripiwa.

Mwili wa miaka 70

Dozi iliyomfaa mtu akiwa na miaka 45 haimfai lazima akiwa na 75. Figo zinapoteza nguvu polepole kadiri miaka inavyoenda, hata bila ugonjwa. Maji mwilini yanapungua na mafuta yanachukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo dawa kama diazepam inakaa siku nyingi. Komprime ya usiku wa Jumatatu bado iko ndani siku ya Jumatano, nyingine zikiwa zimeongezwa juu yake. Mzee anayeyumba asubuhi ao anayesahau majina ya wajukuu anaweza kuonekana kama amezeeka tu, ao mbaya zaidi, kushukiwa mambo ya uchawi, wakati ni usingizi wa dawa ambao haujatoka.

Kipimo cha figo, créatinine, kinafanyika katika hospitali nyingi za rufaa. Kina mtego wake: kinapima kitu kinachotoka kwenye misuli, na mzee mwembamba ana misuli kidogo. Hesabu inaweza kusomeka nzuri huku figo zikifanya nusu ya kazi. Ndiyo maana mganga anapaswa kuingiza umri katika hesabu yake. Na mchanganyiko ambao figo za mzee zinaogopa zaidi unajulikana: enalapril ao captopril, pamoja na furosemide ao dawa nyingine ya kutoa maji, halafu diclofenac juu yake. Akipata kuhara siku mbili na akaendelea kuzimeza zote tatu, figo zinaweza kusimama. Kwa maumivu ya magoti, paracetamol kwa kipimo chake ndiyo inayoanza.

Wazee wenye kuishi na virusi vya UKIMWI ni kundi ambalo halikuwepo miaka 25 iliyopita, na ni habari njema kwamba lipo. Lakini dolutegravir, iliyo ndani ya komprime moja wanayopewa kila siku, inaongeza kiasi cha metformin katika damu, kwa hiyo metformin isipite miligramu 1000 kwa siku. Dawa za sukari mara nyingi zinaandikwa katika chumba kingine, na mtu mwingine, na mgonjwa anaona haya kusema.

Kuacha nako kunaomba akili

Mtu akisoma haya asikimbilie kutupa dawa za mama yake. Upande wa pili wa shida hii ni mkubwa pia: wazee wengi wenye tansio hawatumii dawa yoyote, ao wanaiacha siku tansio inaporudi 12, wakiamini wamepona. Tansio ilikuwa 12 kwa sababu ya dawa. Kupooza upande mmoja kunawakuta wengi wa namna hiyo. Waganga wa Ireland ambao mwaka 2008 walitoa orodha ya kuwasaidia wenzao kupanga dawa za wazee waliitoa ikiwa na sehemu mbili: moja ya dawa za kuondoa, nyingine ya dawa ambazo mzee angepaswa kuwa nazo na hana.

Tena kuna dawa zisizoachwa ghafula. Propranolol na atenolol zikikatwa kwa siku moja zinaweza kuamsha maumivu ya moyo. Prednisolone ao dexamethasone iliyotumiwa kwa majuma mengi inashushwa polepole, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza ya kwake. Phenobarbital ikikatwa inarudisha kifafa kwa nguvu. Diazepam ya miaka mingi inapunguzwa robo kwa robo. Insulini haiachwi bila mganga.

Kinachowezekana hata pasipo mashine wala mtaalamu wa wazee, na wataalamu hao ni adimu sana nchini, ni kupeleka sashe nzima. Nzima maana yake ni pamoja na matone ya macho, sirop, pomada, majani, dawa za jirani, na zile ambazo mzee ameacha lakini bado anazitunza. Mtoto ao mjukuu anaisindikiza, sababu wazee wengi wanamwambia mganga “ndiyo” kwa heshima tu. Mganga ao mwuguzi anamwaga vyote mezani na kuuliza kwa kila kimoja: hii ni ya ugonjwa gani, nani aliiandika, ilianza lini, na nini kilianza baada yake. Inachukua nusu saa. Mahali ambapo watu 40 wanangoja barazani, nusu saa ni nyingi, kwa hiyo ni vizuri kuomba siku ya pekee, ile ambayo si siku ya chanjo wala ya kupima watoto.

Mganga akiona dawa za kuondoa, anaondoa moja kwanza, si tatu pamoja, na anamwona mzee tena baada ya majuma mawili ao matatu kujua kilichobadilika. Wakati huo tansio inapimwa mzee akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, kwa sababu ile inayoanguka akisimama ndiyo inayomwangusha usiku.

Orodha inaandikwa kwenye karatasi moja: jina la dawa lililo chini ya jina la kampuni, yaani lile la herufi ndogo kwenye boksi, dozi, saa, na ugonjwa. Inabandikwa ndani ya karne na kupigwa picha kwa simu ya mtoto, kwa sababu karne zinapotea. Dawa inayoachwa haifutwi kabisa. Inapigwa mstari mmoja, na pembeni inaandikwa tarehe na sababu, kusudi atakayemtibu kesho asiianzishe tena.